Maji ya Usiku

(Haya ni maneno niliyoyasema mwishoni mwa Desemba, baada ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha ndiva yetu, bwawa la kumwagilia, kwenye miteremko ya Upare Kusini, Wilaya ya Same. Nimeyaandika kama yalivyotoka, isipokuwa pale nilipojirudia.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mwenyekiti wa kamati ya ndiva, wachungaji, shehe wetu, wazee wangu, mashemeji zangu, kaka zangu mlioteremka kutoka juu, na ninyi vijana mliokuja kula sikukuu mkakabidhiwa chepe: poleni na kazi.

Mwenyekiti ameniomba niseme dakika kumi. Wanafunzi wangu niliowafundisha hesabu, na naona wapo wengi hapa wameshaota mvi, wanajua kipindi changu hakikuwahi kuisha kengele ilipolia. Kwa hiyo kaeni kwenye kivuli. Makande bado yako motoni, nimeuliza kabla ya kusimama.

Nianze na siku yenyewe. Kuipata ilikuwa kazi kuliko kuchota tope. Jumamosi Wasabato hawashiki jembe. Jumapili Walutheri wako ibadani. Ijumaa mchana Waislamu wana swala. Siku ya gulio hakuna mtu atakayekuja hata ukimpigia baragumu sikioni. Tukabaki na siku tatu, na katika hizo kamati ikabishana wiki mbili. Mnajua wenyewe tunavyosemwa huko nje, kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi sijawahi kuona aibu kwa maneno hayo. Watu wanaogawana maji kidogo namna hii wasipojua kubishana, watapigana.

Sasa, kwa wakwe zetu na marafiki wa watoto wetu waliotoka Dar es Salaam, ambao nimewasikia wakiuliza kama hapa tunafuga perege: hili si bwawa la samaki. Hii ni ndiva. Ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya kumwagilia, limechimbwa mlimani mahali penye bonde kidogo, likazungushiwa tuta. Juu yake kuna banio, mahali maji yanapochepushwa kutoka kijito. Kutoka banio kuna mfereji unaozunguka kilima mpaka hapa. Pale chini ya tuta mnaona tundu, na kwenye tundu kuna kizibo. Zamani kilikuwa gogo lililochongwa na kufungwa kwa majani ya migomba na udongo wa mfinyanzi. Siku hizi ni chuma. Upare mzima, Kaskazini na Kusini, milima imejaa mabwawa ya namna hii, mengine makubwa kama uwanja wa mpira, mengine huwezi kuzungusha trekta ndani. Kila moja lina jina, na mara nyingi jina hilo ukilifuata linakupeleka kwenye ukoo.

Mtu atauliza, kama kijito kipo, kwa nini msimwagilie moja kwa moja? Swali zuri. Kijito chetu wakati wa kiangazi hakina nguvu. Ukikiingiza kwenye mfereji wa udongo kikiwa hivyo hivyo, kinanyonywa njiani, na shamba la mwisho linapata unyevu wa kulowesha kandambili. Lakini ukiyakusanya maji yale yale usiku kucha, asubuhi ukatoa kizibo, yanatoka kwa kishindo. Yanakimbia kabla ardhi haijayanywa. Ndiva haiongezi hata tone moja la maji. Inayapa maji mwendo.

Na ndiyo maana ndiva ni kitu cha usiku. Mchana mnaiona ikimwagwa. Usiku ndipo inapojaa, watu wakiwa wamelala. Nataka mlishike jambo hilo, maana ndilo lililonisimamisha hapa.

Niwape hesabu kidogo, msininunie. Sitatumia ndiva yetu, kwa sababu hatujawahi kuipima vizuri, na hilo ni kosa letu. Nitatumia ndiva ya Manoo, kule Bangalala, katika bonde la Makanya, kwa kuwa wenzetu walipata bahati ya kutembelewa na wataalamu wa maji waliokaa, wakapima, wakaandika. Manoo inashika mita za ujazo 1,620. Eneo lililokusudiwa kumwagiliwa kutoka humo ni hekta 400.

Chukueni maji yote ya ndiva iliyojaa, yamwageni sawasawa juu ya hekta zote 400. Je, yatafika kina gani? Nilikuwa nawapa wanafunzi swali hili, na kila mwaka kulikuwa na aliyeleta jibu la sentimita 40 kwa kusahau sifuri. Jibu ni milimita 0.4. Chini ya nusu milimita! Umande wa asubuhi kule Chome utakuchekea.

Kwa hiyo hakuna anayemwagilia hekta 400. Anamwagilia kipande. Ukitaka kulowesha ekari moja ya mahindi kwa kina cha sentimita 5, unahitaji mita za ujazo kama 200. Ndiva iliyojaa inatosha ekari nane kwa siku, na hapo nimejifanya mfereji hauvuji. Mfereji unavuja. Waliopima walikuta sehemu kubwa ya maji inapotelea njiani. Lakini tuachie nane. Hekta 400 ni ekari karibu 990. Gawanya kwa nane. Unapata siku 123, yaani miezi minne, ndipo zamu irudi kwako. Mahindi yanaota, yanabeba, yanakauka, wewe umepata maji mara moja tu.

Na hapo tumesema ndiva imejaa. Ili ijae kwa usiku wa saa 12, kijito kinapaswa kuleta lita 37 na nusu kila sekunde. Kikileta lita 15, asubuhi unakuta mita za ujazo 648. Hizo ni ekari tatu na robo.

Nimewachosha na tarakimu kwa sababu moja. Mtu akiziona hizo anaelewa kwa nini babu zetu walikuwa wakali kuhusu zamu kuliko kuhusu mpaka wa shamba. Mara moja kwa msimu! Ukimwibia mtu zamu yake, humwibii maji ya siku moja. Umemwibia mahindi ya mwaka.

Mimi, kama wengi mnavyojua, nilizaliwa juu nikaolewa chini. Kaka zangu wale pale, wanaojifanya hawanijui, ndio wenye banio la juu. Mume wangu, Mungu amrehemu, ukoo wake ndio uliochimba ndiva hii tunayoisafisha. Nilipokuwa msichana, kwetu juu, maji yalikuwa kitu cha mchana. Jua likichomoza kaka walifungua mfereji kwenda kwenye maharage. Jua likizama babu alitoka na fimbo yake, akaenda mwenyewe kufunga banio, akaacha kijito kiteremke. Nilimuuliza mara moja, maji anayaachia nani. Akaniambia, "Wakwe."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Nilipoolewa huku ndipo nilipoyasikia maji ya babu yakiingia kwenye ndiva saa tatu usiku. Nililala nyumba ile pale yenye mti wa mparachichi, na usiku wa kwanza nilifikiri mvua imenyesha.

Makubaliano ndiyo hayo. Juu mchana, chini usiku. Hayakuandikwa. Hayakupigwa muhuri. Si sisi tu tulio nayo. Hata kati ya Vudee kule juu na Bangalala chini yake, wataalamu walikuta mambo ya namna hii wakayaandika: watu wa milimani na watu wa mteremkoni wamegawana saa za kijito, na kilichoyashikilia makubaliano ni kwamba wameoana na kuzaliana. Ukimnyima maji mtu wa chini, unawanyima wajomba wa watoto wako.

Nitasema kidogo yalivyoanza, maana vijana wanadhani kijiji hiki kilikuwa hapa tangu Nuhu.

Hakikuwa hapa. Wakati wa karne ya 19 njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita tambarare, chini ya milima hii hii. Pamoja na pembe na nguo, ilibeba watu. Mtu mwenye akili hakujenga chini. Watu walikaa juu kwenye misitu na mapango. Kule Mbaga mpaka leo watakuonyesha mapango ya Mghimbi, walimojificha wasikamatwe. Juu kulikuwa na mvua, kulikuwa na chemchemi zinazotoka msitu wa Shengena, huo huo tunaouita wa Chome, na kulikuwa na mifereji. Mifereji ni ya zamani kuliko Mjerumani. Wazungu wa kwanza kupita nchi hizi za milima waliikuta inatiririka, na hakuna aliyeweza kusema ndiye aliyeifundisha. Upare ulikuwa na wahunzi wake. Kule Ugweno, ukoo wa Washana walifua chuma, na ukoo wa Wasuya baadaye wakautwaa utawala kutoka kwao. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, alizunguka miaka ya 1960 akiwahoji wazee wa koo moja moja na kuyaandika hayo. Angechelewa miaka 20 angekuta makaburi.

Kisha akaja Mjerumani. Mwaka 1903 wamisionari wa Kisabato walifika Giti. Walutheri wa Leipzig nao walishaanza upande wa kaskazini. Reli kutoka Tanga ilisonga kidogo kidogo kando ya milima, ikapita Makanya na Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Misafara ya watumwa ilikuwa imekwisha. Kukawa na stesheni, mkonge, duka la Mhindi, mshahara. Watu wakaanza kuteremka. Kwanza vijana, halafu wake zao, halafu mbuzi. Huku chini ardhi ilikuwa pana na haina mawe, ila upande huu wa magharibi milima imetuzibia mvua. Vuli inaweza kuja ikapita kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ndipo walioteremka wakafanya walichokijua kutoka juu. Wakachimba ndiva. Lakini mto ulikuwa tayari una wenyewe. Haukubaki mchana hata mmoja wa kugawa. Kilichobaki ni usiku.

Sisi watu wa chini, kwa hiyo, tulipewa kile ambacho hakuna aliyekuwa anakitumia. Sisemi hivi kuwadharau wakwe zangu. Nasema kwa kuwa kuna kijana mmoja hapa, sitamtaja, mwaka jana alisema kwenye mkutano kwamba watu wa juu "wanatubana". Kijana wangu, watu wa juu wamekuwa wakiamka kufunga banio kwa ajili yetu tangu kabla babu yako hajazaliwa. Ndiyo, kaka zangu, sasa mnaweza kupiga makofi.

(Walipiga. Na wa chini wakawazomea.)

Ndiva haikuendeshwa kwa ushemeji peke yake. Ilikuwa na mzee wake, ilikuwa na matambiko yake, na ilikuwa na miiko. Miiko ya banio mingi ilituhusu sisi wanawake: siku zipi usisogee, njia ipi usipite, chombo gani usichovye. Mama yangu mzazi alipanda na kushuka mlima huu miaka 70, akafa bila kuliona banio lililomwagilia maharage yake mwenyewe. Mimi leo nimesimama juu ya tuta na viatu. Sitajifanya nasikitika kwamba miiko hiyo imekufa. Ila nasema hivi: ule woga uliomzuia mama yangu asikaribie banio ndio pia uliomzuia mwizi wa maji saa nane za usiku. Tumeuondoa, vizuri. Badala yake tumeweka nini? Tumeweka faini. Faini inamtaka mtu wa kuona, mtu wa kushtaki na mtu wa kulipa.

Hapa naomba niingize habari ya Mbiru, na Mwenyekiti usiangalie saa.

Mnajua kodi ya Mbiru. Wakati wa vita ya pili ya dunia serikali ya Mwingereza ilitaka kila mtu akadiriwe mali yake, alipe kwa kadiri ya makisio hayo. Jina wakalichukua kwenye ushuru wetu wa zamani, wakadhani jina litatulaza usingizi. Januari 1945 wanaume wakateremka milimani kwa maelfu, wakaenda kukaa Same, makao makuu ya wilaya. Hawakuchoma kitu. Walikaa tu. Mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake. Na mwaka 1946 kule Usangi wanawake nao wakaandamana. Inasimuliwa kwamba walimwambia mkuu wa wilaya ama amalize jambo hili wapate waume zao, ama awape mimba wote yeye mwenyewe.

(Hapa nilingoja. Mchungaji aliangalia milima.)

Watoto shuleni hufundishwa kwamba Wapare walikataa kodi. Si kweli. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kichwa, hata ipandishwe. Walichokataa ni kukadiriwa. Mtu anakuja nyumbani kwako, anatupia jicho migomba yako na mbuzi wako, anaandika namba ambayo wewe hukushiriki kuipata. Mwishowe mpango huo ukafutwa.

Nimeileta Mbiru kwa sababu ya karatasi iliyo mkononi mwa katibu wa kamati, ile yenye nembo. Kibali cha maji. Tangu sheria ya mwaka 1974 maji yote ni mali ya umma na anayeyachepusha anatakiwa awe na haki iliyoandikwa. Sheria ya mwaka 2009 ikaendeleza hivyo, ikaweka mabonde, jumuiya za watumia maji, ada. Sipingi. Mto wetu, ingawa ni mara chache maji yake yanaufikia mto Pangani wenyewe, uko ndani ya bonde la Pangani, na bonde hilo lina kazi nyingi: lina bwawa la Nyumba ya Mungu, lina mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, lina mashamba ya miwa, lina miji inayokua. Mtu lazima ahesabu.

Lakini someni kibali. Kinasema kiasi. Lita kadhaa kwa sekunde, basi. Hakisemi usiku. Hakisemi mchana. Hakisemi ni nani anafunga lini ili nani ajaze. Kwa karatasi hiyo, mimi nikichukua lita zangu saa sita mchana wakati kaka zangu wanamwagilia, sina kosa. Na wao wakichukua zao usiku wa manane, hawana kosa. Sote tutakuwa ndani ya sheria, na ndiva itakuwa tupu. Aliyeipima hakuwa mtu mbaya. Alipima kitu kingine. Alipima maji, na sisi hapa tangu mwanzo tuligawana saa.

Saruji nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulianza mradi wa kuboresha umwagiliaji wa asili, kwa msaada wa Waholanzi, na ndiva nyingi za Upare na Usambara zikapata kuta za mawe, vizibo vya chuma, mifereji iliyosakafiwa vipande. Faida tumeiona. Ukuta wetu hauvuji, na leo mmechota tope kwa siku moja badala ya wiki. Ninachokilalamikia ni kidogo: ndiva ikishatiwa saruji watu hudhani imeshatengenezwa. Wanaacha kuja. Mwaka juzi kwenye msaragambo tulikuwa 19, na 11 kati yetu tulishapita miaka 60. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, tunachimba kaburi letu sisi wenyewe, angalau ni pana."

Sasa niseme lililonileta. Mipira ya maji.

Mwaka jana, kiangazi, ndiva hii haikujaa kwa majuma matatu. Kamati ikapanda juu kuwashtaki kaka zangu kwamba hawafungi banio. Nilikwenda nao, kwa sababu sikuamini. Tulifika jioni. Kaka yangu mkubwa, yule pale mwenye kofia, alifunga banio mbele yetu, akapigilia udongo kwa miguu yake. Tukakaa. Tukangoja. Kijito hakikuongezeka. Tukawasha tochi tukakifuata kwenda juu, na juu ya banio, karibu na msitu, tukaikuta mipira myeusi ya plastiki. Niliihesabu. Saba. Imeingizwa kwenye jicho la chemchemi, inateremka kila mmoja na njia yake kwenda kwenye nyanya na kabichi. Mwingine ulikuwa wa mtu wa juu. Mwingine, na hapa kaeni vizuri, ulikuwa wa mtu wa chini aliyekodi shamba juu.

Hakuna aliyekuwa pale. Wenyewe walikuwa wamelala. Maji yalikuwa yanakwenda.

Niliposimama pale gizani ndipo nilipoelewa kilichotokea kwenye hesabu yangu ya miaka yote. Makubaliano ya babu yalitegemea kitu kimoja ambacho hakuna aliyekisema kwa sababu hakikuhitaji kusemwa: kwamba mtu hulala. Mtu wa mfereji akilala, mfereji wake lazima ufungwe, la sivyo unambomolea shamba. Usiku ulikuwa mali yetu kwa sababu mwenye jembe hawezi kumwagilia gizani. Mpira haulali. Hauna mkwe. Hauharibu tuta. Unaweza kuuacha ukitiririka kwenye pipa mpaka asubuhi na pipa likafurika, na mwenye mpira asijue kwamba amemwaga ekari moja ya jirani yake.

Sisemi tukate mipira. Walioanza kuikata sehemu nyingine waliishia mahakamani, na ng'ombe waliuzwa kweli kweli. Nyanya zile zinasomesha watoto, baadhi yao wako hapa na wamechota tope vizuri. Nasema mpira nao upewe usiku na mchana kama sisi sote. Uwekewe koki. Koki si ghali kuliko nauli ya kuja kushtakiana.

Watu wengine husema tungoje mvua, itamaliza ugomvi. Mvua haina adabu. Wengi mnakumbuka tarehe 1 Machi 2006, bonde la Makanya: zaidi ya milimita 100 zilianguka kwa muda usiozidi saa tatu. Mito ilibeba mawe, mabanio yakaondoka, mashamba ya kando ya mto yakafunikwa mchanga. Lakini waliokuwa wakipima waliona jambo ambalo nalipenda sana: baada ya gharika ile mto ulibaki na maji mengi kuliko kabla yake, miezi mingi, kwa sababu mlima ulikuwa umekunywa na sasa unatema polepole. Mlima wenyewe ni ndiva. Na kizibo chake ni msitu wa Chome, ule ambao kila mwaka moto unaulamba pembeni wakati wa kurina asali.

Na wengine husema, maji ya bomba yamekuja, mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe umezinduliwa mwaka 2025, tuache mambo ya ndiva. Nawapongeza waliouleta. Mimi nilichota maji kwa kichwa, sitasema neno baya juu ya bomba. Lakini hakuna mtu atakayemwagilia mahindi kwa maji ya bomba yenye mita. Akijaribu, mnipigie simu nije nimfanyie hesabu.

Kwa hiyo leo nimekuja na daftari. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, nimeinunua mwenyewe gulioni, haina mfadhili. Jumuiya yetu ina katiba, na sheria ya maji inatambua haki za kimila. Lakini haki ya kimila isiyosemwa na mtu aliye hai mtaithibitishaje? Babu aliyefunga banio kwa fimbo amekufa. Aliyempokea amekufa. Kaka yangu mwenye kofia ana miaka 81, na yeye peke yake ndiye ninayemjua anayeweza kueleza, ukoo kwa ukoo, nani alikuwa na usiku upi, usiku upi ulitolewa kama mahari, usiku upi ulifidia kesi ya ng'ombe, na usiku upi ulikopeshwa mwaka wa njaa ukasahaulika kurudishwa. Huo wa mwisho ni wetu, kaka, nitakukumbusha.

Naomba leo, kabla ya makande, tuandike. Si kiasi cha maji. Tuandike saa. Tunaanza na banio la juu kabisa, tunateremka mpaka shamba la mwisho. Kila ukoo unasema saa zake, jirani yake wa juu anakubali au anapinga, na pingamizi nalo linaandikwa. Wenye mipira saba nao wanakaa kwenye mstari, wa juu na yule wa chini, wanatafutiwa saa zao. Wanawake wenye mashamba waandikwe kwa majina yao, si "mke wa". Likiisha tunalipeleka kwa ofisa wa bonde tukamwombe liambatanishwe na kibali, na nakala inabaki shuleni, kwenye kabati la vitabu vya hesabu. Panya hawavipendi vitabu vya hesabu, nimehakikisha kwa miaka 34.

Sasa hivi ni saa tisa na nusu. Saa kumi na mbili kizibo kinarudi na kaka zangu wanapaswa wawe wamefika juu kufunga, maana leo ni usiku wetu, na ndiva imesafishwa haina hata ndoo moja ndani. Tuna saa mbili na nusu, toa nusu saa ya kula, toa saa moja ya kupanda mlima. Imebaki moja.

Kaka, sogea hapa kivulini. Nani ana mwandiko mzuri?